Cha Darini

Barua ya chuo ilikuwa moja, nakala kumi na tatu,
shilingi mia mbili kila moja, karibu na mnara wa saa,
na mashine ilikuwa inaishiwa wino:
muhuri wa nakala ya tisa ulififia
kama sauti ya mtu anayeomba mara ya tisa.

Benki: iache hapo mezani.
Kampuni ya simu: tutakupigia.
Hospitali: mwaka huu tumeshapata wawili,
mmoja mpwa wa nani sijui, sikungoja kusikia.
Ofisi ya wilaya: mkuu wa kompyuta yuko Kampala.
Atarudi lini? Yuko Kampala.

Mama hakuuliza neno. Aliweka malewa mezani,
akatazama soli za viatu vyangu mlangoni,
akaniongezea mchuzi.

Nakala ya kumi na mbili nilimpa Bwana Wepukhulu,
fundi wa mitambo wa ushirika wa kahawa,
mtu mwenye bisibisi mfukoni mahali pa kalamu.
Barua hakuisoma. Aliniangalia mabega,
akaangalia kitundu cha dari juu ya stoo,
akarudi kwenye mabega.
"Unaogopa popo?"
Nikasema hapana. Ilikuwa karibu kweli.

Mtaka cha mvunguni, walisema, sharti ainame.
Cha darini hawakukitaja.
Nikashika ngazi.

Mabati ya saa sita. Harufu ya mavi ya popo
na ya maganda ya kahawa, vumbi lake limenata
kwenye kebo za bluu, za kijivu, za rangi iliyosahaulika,
zimelaliana kama matumbo, hata moja haina jina.
"Kanyaga boriti!" sauti ikapanda kutoka chini.
"Dari haina mkataba na mtu!"

Miaka mitatu nimesoma mitandao.
Tabaka zote saba nilizichora, nikapata alama.
Kebo yenyewe, ya kuvutwa, yenye uzito,
sikuwahi kuivuta. Koleo la kubania lilikuwa moja,
wanafunzi sitini na wawili kwa alfabeti,
na muhula uliisha kwenye herufi M.
Mimi ni Nabifo.

Kwenye boriti ya tatu kurunzi ikagonga maandishi,
wino mzito, mikono tofauti:
WOMAKUYU, JULAI 2011.
KHAINZA. HUMU KUNA JOTO JAMANI.
Na chini kabisa, herufi ndogo, za mtu mwangalifu:
Asekenye, 2019. Usiguse waya mweusi.

Waya mweusi ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye goti langu.
Nikakaa kimya kidogo. Popo nao.
Nikamwambia Asekenye asante, kwa sauti,
yeye ambaye sijui yuko wapi, kama alipata kazi,
kisha nikaivuta ile ya bluu hadi mwisho.

Chini nikapewa koleo, langu peke yangu.
Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu,
nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia,
kama jedwali la mara mbili, midomo ikitikisika.
Kichwa cha kwanza nikakiharibu. Cha pili pia.
Bwana Wepukhulu akanywa chai yake, hakusema kitu,
ukarimu ambao sikuutambua siku ile.

Cha tatu: taa ikawaka, ikazima,
ikaanza kupepesa kijani, haraka haraka,
na huko chumba cha mizani mama mmoja akapaza sauti,
"Imerudi!" bila kumwambia mtu yeyote,
akaendelea kupima magunia.

"Mshahara hakuna," akasema. "Chai ipo.
Nauli Ijumaa, kama Ijumaa ikiwa nzuri.
Kesho usije na viatu hivyo."

Nakala ya kumi na tatu bado ninayo.
Ina alama za vidole, na nyuma yake nimechora dari:
boriti moja hadi kumi na nne, kila kebo na jina lake,
pale popo wanapolala, pale ubao ulipooza,
na waya mweusi kwa mistari miwili, nimeukoleza,
kwa ajili ya huyo atakayekuja na mabega yake.